Anayechekesha ni Mwalimu, Wenye Filamu ni Watoto

Hotuba hii niliitoa Jumamosi iliyopita, Kinondoni, Dar es Salaam, mbele ya wazazi, walimu na vijana wanaojifunza kuandika filamu, mara baada ya watoto kutazama School of Rock. Wengi waliokwama kwenye mvua na foleni wameniomba niiweke yote, nami naiweka kama nilivyoisema. Picha zilizokuwa zikionyeshwa ukutani nimeziacha.

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu mlio kazini na mliostaafu kama mimi, wazazi, vijana waandishi, na nyinyi wanangu mlioketi mkekani hapa mbele: wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Nimeombwa nizungumze baada ya filamu iliyochekesha, na hiyo ni kazi ngumu, kwa sababu ukumbi bado una kicheko chake na mimi nakuja na karatasi. Nitajitahidi nisiwe yule mgeni rasmi ambaye watu wanamwombea amalize ili pilau ipakuliwe. Nina jambo moja tu la kusema, ingawa nitalizunguka kidogo. Filamu ya vichekesho inayomhusu mwalimu wa ajabu, aliyekuja kushika darasa kwa muda, si filamu ya mwalimu. Mwalimu ndiye anayechekesha, lakini filamu ni ya watoto. Kijana anayeandika bila kulijua hilo atapata kichekesho cha dakika kumi, na dakika themanini zinazobaki atazijaza kwa watu kuanguka kwenye ndoo ya maji.

Kwa waliochelewa, nitasimulia kwa ufupi. Filamu hii ilitoka Marekani mwaka 2003, ikiongozwa na Richard Linklater na kuandikwa na Mike White. Jack Black anaigiza Dewey Finn, mpiga gitaa mwenye makelele ambaye bendi yake mwenyewe imemfukuza, anayejihifadhi kwa rafiki yake na kudaiwa kodi ya nyumba. Simu inalia. Mkuu wa shule moja ya binafsi, ya gharama kubwa, anamtafuta yule rafiki, Ned, ambaye kazi yake ni kushika madarasa yaliyokosa mwalimu. Dewey akisikia habari za malipo anajifanya yeye ndiye Ned, na punde yuko mbele ya watoto wa miaka kumi hivi, akishindwa hata kuliandika ubaoni jina la ukoo aliloliiba. Anawatangazia kwamba siku nzima ni mapumziko. Watoto wanamtazama kimya, kama mnavyonitazama mimi sasa.

Naomba tusimame hapo hapo. Dewey aliposema siku nzima ni mapumziko, nani alicheka? Watoto wa mkekani mlicheka mpaka mmoja wenu akadondosha karanga. Watoto wa kwenye filamu je, walicheka? Hawakucheka. Walishtuka. Walitaka kujua watapewaje alama. Mtu mzima amekuwa mtoto, na watoto wamekuwa watu wazima wenye tai na wasiwasi, na kicheko chote cha saa nzima na zaidi kinachotwa katika kisima hicho kimoja.

Ukutani mwa darasa lile kuna chati. Kila mtoto ana mstari wake, na kwenye mstari kuna nyota za dhahabu kwa aliyefanya vema na alama za adhabu kwa aliyekosea. Dewey anauliza ile ni kitu gani, anaelezwa, kisha anaichana. Ukumbi huu ulipiga makofi. Wazazi, nyinyi ndio mliopiga makofi zaidi, nami niliwaangalia kwa mshangao, kwa sababu sisi nasi tuna chati zetu. Ni nani humu ndani ambaye hajawahi kumpokea mtoto mlangoni kwa swali la "Umekuwa wa ngapi?" kabla ya kumuuliza alichojifunza? Mwezi Januari mwaka 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila kutaja shule kumi bora wala wanafunzi bora. Nakumbuka jioni ile kijiweni kwetu, watu wazima wasio na mtoto hata mmoja kidato cha nne walivyolalamika, kana kwamba wamefichwa matokeo ya Simba na Yanga. Kwa hiyo tunapoicheka ile shule ya Marekani tujue tunamcheka nani.

Kuna watakaosema kwamba mambo haya ni ya Wazungu na magitaa yao. Miaka kadhaa iliyopita, nikitoka kumtembelea ndugu yangu Mbagala, mvua ilinisukuma ndani ya kibanda umiza. Mnavijua vibanda hivyo: mabenchi ya mbao, pazia la kitenge mlangoni, televisheni moja na watu sitini. Ilikuwa inaonyeshwa filamu hii hii, ikiwa imetafsiriwa na mmoja wa wale wasimulizi wanaofuata nyayo za marehemu Lufufu, ambao sauti yao inapanda juu ya sauti ya filamu na kuongeza ya kwao. Msimulizi aliihamishia shule Masaki. Dewey akawa dalali wa vyumba aliyeshindwa kodi yake mwenyewe. Mkuu wa shule akawa Madamu. Watoto wakapewa majina ya mitaani, na yule wa kinanda, mpole mwenye kujiona hafai, akaitwa Hafidhi. Mzee mmoja pembeni yangu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kofia yake, na sidhani kama alijua kwamba gitaa la umeme lina uhusiano wowote na habari ile. Aliona darasa, akaona mwalimu asiye mwalimu, ikatosha.

Kwa nini ilitosha? Kwa sababu mwalimu wa muda si mgeni kwetu. Ni majina tu yanayobadilika. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, nchi ilipoamua kwamba kila mtoto aende shule ya msingi, vijana waliomaliza darasa la saba walipewa mafunzo huku wakifundisha, na watu wa mjini, ambao hawakosi neno, wakaufasiri ufupisho wa UPE, jina la Kiingereza la mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, kuwa Ualimu Pasipo Elimu. Shule za kata zilipoota kila mahali katikati ya miaka ya 2000, waliomaliza kidato cha sita wakapewa mafunzo ya muda mfupi na kusukumwa madarasani, nao wakaitwa voda fasta, kwa jina la huduma ya kuongeza salio la simu chapuchapu. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 madarasa yakafurika, na leo shule nyingi zina mwalimu wa kujitolea anayelipwa kwa michango ya wazazi. Zaidi ya hao wapo wanachuo wa mazoezi, wanaokuja na mashati yaliyonyooka pasi na kuondoka kabla hatujawazoea. Majina hayo ya utani ni kicheko, na kicheko hicho kina ukali ndani yake. Nami ninayewaambia haya nilifundishwa kusoma na mwalimu wa UPE, na nilisoma.

Vijana waandishi, hapa nawaomba mnisikilize kwa makini. Tuko katika nchi ambayo rais wake wa kwanza, aliyewahi kushika chaki Pugu, hapa hapa jirani, aliitwa Mwalimu mpaka alipofariki mwaka 1999. Alikuwa na vyeo vingi, watu wakachagua hicho. Kumcheka mwalimu katika nchi ya namna hiyo si jambo la kufanya ovyo. Nimesoma miswada yenu kumi na mmoja. Katika tisa, mwalimu wa ajabu amevaa suruali kubwa iliyofungwa kwa kamba, anatamka vibaya Kiingereza na anaomba nauli kwa wanafunzi. Mnacheka nini hapo? Mnacheka umaskini wake. Mtoto atakayetazama akitoka nyumba ya mwalimu atainamisha kichwa. Ajabu ya mtu ni lazima iwe na sababu, na ni lazima yeye mwenyewe aiamini. Dewey hachekeshi kwa sababu ni mnene na amevaa ovyo. Anachekesha kwa sababu anaamini kwa moyo wake wote kwamba mdundo wa gitaa ni jambo zito kuliko mtihani, na anaizungumzia bendi kama shehe anavyozungumzia Mwezi Mtukufu.

Nitawasimulia mwalimu wa ajabu niliyemjua mimi.

Ilikuwa Temeke, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa darasa la tano. Mwalimu wetu alipata likizo ya uzazi, na darasa likakabidhiwa kijana wa mazoezi kutoka chuo cha ualimu. Aliingia amevaa raba mbili zisizofanana, moja nyeupe na moja ya kahawia. Tulicheka. Naye hakukasirika wala hakutabasamu. Alitueleza, kama anayetoa somo, kwamba katika foleni ya duka la ushirika yeye alikuwa wa mwisho na mwenye duka alibakiwa na raba mbili. Mliokuwapo miaka ile ya foleni za sabuni na unga mnajua kwamba huo haukuwa mzaha.

Kwapani alikuwa amebeba redio ya mbao. Akaiweka mezani, akaigeuza kioo kitutazame, akasubiri. Nasi tukasubiri. Redio haikusema kitu, kwa sababu ndani haikuwa na kitu: matumbo yake yote yalikuwa yametolewa na lilibaki sanduku. Kisha akasema kwamba redio hii inakamata stesheni moja tu, nayo ni Darasa la Tano B. Atakayetaka kusema jambo asinyooshe kidole, bali aende nyuma ya redio, achuchumae, asome taarifa ya habari. Na kwa kuwa taarifa ya habari ya Radio Tanzania ilitanguliwa na ngoma, basi nasi tulio kwenye madawati tutapiga ngoma. Watoto zaidi ya hamsini, wanangu, wanapiga madawati kwa viganja, huku wa nyuma wakishika mdundo mzito na wa mbele ule mwepesi! Darasa la jirani lilidhani tumevamiwa.

Siku ya kwanza walisoma wachekeshaji wa darasa, tukajua nani amejamba na nani anampenda nani. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu aliinuka mtoto ambaye hakuwa na desturi ya kusema. Nitamwita Shomari, ingawa si jina lake. Tulimjua kwa mambo mawili: alichelewa kila siku, na alinuka samaki. Tulimwita Kibua. Kwa kuchelewa alichapwa, na kwa kunuka alikaa peke yake dirishani. Akaenda nyuma ya redio, akachuchumaa, hatukumwona tena, ikabaki sauti. Naikumbuka taarifa yake karibu neno kwa neno: "Hii ni Redio Tano B. Leo asubuhi ngalawa zilizoingia Feri ni chache, kwa sababu kusi linavuma. Vibua vimepanda. Wananchi wanaombwa wasinunue samaki wa jana. Samaki wa leo ukimbonyeza kwa kidole nyama inarudi. Wa jana ukimbonyeza, shimo linabaki." Kisha akataja bei ya fungu, akataja bei ya ndoo, akasema bibi yake leo amepata hasara na akaitaja hasara yenyewe. Mwisho wa taarifa ya habari.

Hakuna aliyepiga ngoma. Mwalimu Redio, hivyo ndivyo tulivyomwita, aligeuka ubaoni, akaandika ndoo moja, mafungu kumi na manne, bei ya kununulia, bei ya kuuzia, na hesabu ya faida na hasara iliyokuwa imetushinda tangu Januari tukaifanya kabla kengele haijalia, kwa sababu sasa ilikuwa na bibi ndani yake. Ndipo tulipojua kwamba Shomari alikuwa akiamka usiku, anamsindikiza bibi mnadani Feri, anambebea ndoo, kisha anakuja shule. Tulikuwa tumekaa naye tangu darasa la kwanza, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Sasa irudieni filamu. Kipo kipande ambacho Dewey, akiwa bado hana mpango wowote isipokuwa kusubiri malipo yake, anawasikia watoto wake wakiwa katika somo la muziki, wanapiga muziki wa kizamani wa Ulaya kwa ufundi mkubwa. Anasimama. Anasikiliza. Kisha anakimbia kwenye gari lake na kurudi amebeba magitaa, ngoma na vipaza sauti. Msichana anayepiga selo anapewa gitaa la besi na kuelezwa kwamba ni kitu kile kile, ila umekilaza. Kabla ya hapo Dewey ni mcheshi, na kuanzia hapo ni mwalimu. Kilichobadilika ni nini? Hakupata cheti wala hakupata adabu. Alisikia. Shule nzima ilikuwa imewasikia watoto wale kila wiki na kuwapa alama, naye akawasikia kwa masikio ya mtu anayehitaji bendi.

Na waliotengeneza filamu hawakudanganya hapo. Watoto wa ile bendi walipiga vyombo wenyewe, kwa sababu walitafutwa watoto wanaojua kupiga, si watoto wanaojua kujifanya wanapiga. Waliobaki nao wakapewa kazi: wa taa, wa mavazi, wa ulinzi, na Summer, yule binti wa nyota za dhahabu, akawa meneja wa bendi nzima, maana Dewey alitambua kwamba mtoto anayependa kudai alama ni mtoto anayeweza kudai malipo. Hakuna anayebaki dirishani peke yake. Vijana, hili ndilo fundo la kazi yenu. Darasa la filamu ile ni dogo. La kwetu watakaa wanne dawati moja, na hamwezi kuwapa majina watoto mia na ishirini. Lakini mnaweza kuwapa mdundo wa madawati.

Kuhusu nyimbo nitasema kwa haraka tu. Wenzetu walitaka wimbo wa Led Zeppelin, kundi la Uingereza lisilotoa nyimbo zake kirahisi kwa filamu. Jack Black alisimama jukwaani, nyuma yake umati wa waliokuja kuigiza watazamaji, akarekodi video ya kuwabembeleza wenye wimbo huku umati ukipiga mayowe, na ruhusa ikatolewa. Nyinyi mnachukua wimbo wa msanii wa Bongo Fleva anayekaa mtaa wa pili, hata mlango hamgongi.

Mama mmoja wa safu ya tatu, nisingependa kumnyooshea kidole, aliniinamia katikati ya filamu akaninong'oneza: "Mwalimu, huyu si tapeli?" Mama, nakushukuru, maana hilo ndilo swali lenyewe. Ni tapeli. Ameiba jina la rafiki yake, anapokea fedha isiyo yake na anawafundisha watoto kuwaficha wazazi wao. Hapa Tanzania hatuna haja ya kueleza. Tarehe 28 Aprili 2017, Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi, na katika ofisi nyingi kukawa na kiti kilichobaki kitupu. Dewey angekuwa kwenye orodha ile, na angestahili. Kuna hata kipande ambacho, ili bendi ikubaliwe kwenye mashindano, watoto wanajifanya wagonjwa mahututi. Ukumbi ulicheka. Mimi nilikunja uso, na bado nimeukunja, kwa sababu nimewahi kukaa wodini na mtoto.

Lakini tazameni filamu inavyomhukumu. Siri inafichuka mbele ya wazazi, nao wanafurika kwenye ofisi ya mkuu wa shule. Dewey anakimbia, anajifungia, anajifunika shuka mchana kweupe. Hana utetezi na hapewi utetezi. Mashindanoni hawashindi, wanaoshinda ni ile bendi iliyomfukuza, ingawa umati unawaita watoto warudi jukwaani. Na mwisho harudishwi darasani. Anaonekana akifundisha muziki nyumbani, baada ya saa za shule, pamoja na yule rafiki aliyeibiwa jina. Mwandishi alielewa kwamba unaweza kumpenda mtu bila kumhalalishia cheti chake.

Na je, ni nani aliyemtoa kwenye lile shuka? Ni watoto. Waliondoka shuleni na basi, wakamfuata kwake, wakamwambia twende.

Walipokuwa wakimfuata, nilimkumbuka Goso. Wangapi mnaijua hadithi ya Mwalimu Goso? Naona mikono ya wenye mvi. Wanangu, ni hadithi ya pwani yetu, ya zamani kiasi kwamba mwaka 1901 ilikuwa tayari imepelekwa hadi Chicago na kupigwa chapa kwa Kiingereza. Goso alikuwa mwalimu asiyefundishia ndani ya nyumba. Alifundishia chini ya mbuyu. Siku moja buyu likamdondokea kichwani, akafa. Wanafunzi wake wakamzika, kisha wakasema: tutamtafuta aliyemuua mwalimu wetu. Wakalikamata kusi, wakalipiga. Kusi likasema, ningekuwa na nguvu hizo, kiambaza kingenizuia? Wakakipiga kiambaza. Kiambaza kikasema, ningekuwa na nguvu, panya angenitoboa? Panya akamtaja paka, paka akaitaja kamba, kamba ikakitaja kisu, kisu kikautaja moto, moto ukayataja maji, maji yakamtaja ng'ombe, ng'ombe akamtaja inzi, inzi akamtaja paa, na paa, aliyekuwa amepanda mbuyuni kuiba, hakuwa na la kusema.

Bibi yangu aliposimulia alifika kwenye kamba, sisi tukadakia mpaka mwisho. Sikuwahi kujiuliza hadithi ile ni ya nani. Goso anakufa mwanzoni kabisa, na hatuambiwi alifundisha nini wala alikuwa mkali au mpole. Tunachojua ni kwamba watoto wake, bila kutumwa na mtu mzima yeyote, walikwenda kulipiga kusi kwa ajili yake. Huyo ndiye mwalimu wa ajabu wa kwanza katika Kiswahili ninayemjua mimi, na mwenye hadithi, yeyote yule aliyeitunga, aliiacha mikononi mwa watoto. Hatuna haja ya kukopa gitaa.

Namalizia na upande ambao filamu za aina hii huuonea, nao ni upande wa mwalimu wa siku zote. Mara nyingi yeye ndiye adui: ana miwani, ana fimbo, hacheki. School of Rock imejitahidi kidogo. Mkuu wa shule, aliyeigizwa na Joan Cusack, anamwambia Dewey kwamba hakuwa hivi tangu mwanzo, kwamba zamani alikuwa mchangamfu, lakini kazi ile na wazazi wale haviruhusu uchangamfu. Walimu wenzangu, niliwaona mlivyonyamaza hapo. Nami nilinyamaza.

Sikuwamalizia habari ya Mwalimu Redio. Wiki moja baada ya ile taarifa ya Feri, Shomari alichelewa tena, akachapwa mstarini na mwalimu wa zamu, na Mwalimu Redio alikuwa amesimama pale pale na raba zake mbili, na hakusema neno. Nimekaa na jambo hilo miaka arobaini na kitu. Baadaye msimamizi alikuja kutoka chuoni, akaketi nyuma ya darasa, akaomba andalio la somo. Halikuwapo. Aliandika kwa muda mrefu sana. Mazoezi yakaisha, kijana akaondoka, akatuachia redio.

Mwalimu wetu aliporudi, bado ananyonyesha, ana madarasa mawili ya kushika na madaftari yanayofika dirishani, aliikuta mezani. Akauliza ni ya nani. Hakuna aliyejibu. Akapanda juu ya kiti, akaiweka juu ya kabati, na ilikaa huko mpaka nilipomaliza la saba. Simlaumu. Nilipokuwa mwalimu nami, niliweka mengi juu ya kabati.

Kabla sijapanda hapa, wakati majina ya mwisho yanapita kwenye skrini na wakubwa wakitafuta viatu, binti mmoja wa mkekani, yule mwenye gauni la njano, alinivuta shati akaniuliza: "Babu, mwalimu wao wa kweli akirudi, na yeye ataruhusiwa kupiga?" Nilimwambia nitamjibu nikiwa jukwaani. Sasa niko jukwaani, naye ananitazama. Mwenyekiti, naomba swali hilo lijibiwe na walimu walio kazini, kuanzia safu ya mbele.